Boriti haikupanda, jeki ndiyo iliyozama

Aliyenidanganya ni jamaa wa zamu yangu ghalani, hapa Columbus, Ohio. Alikuja kula pilau, akashuka besimenti, akaigonga nguzo ya chuma iliyosimama katikati, akasema: "Hii ina skrubu juu, ni kiraka tu. Haibebi kitu." Nami nilikuwa natafuta nafasi ya makochi, nikamwamini. Siku hiyohiyo nikaifungua kwa spana. Nyumba haikuanguka. Nikapiga picha, nikamtumia mjomba Tanga.

Mjomba ni seremala wa siku nyingi. Akajibu kwa sauti: "Mjomba, nguzo umeikuta imesimama, umeing'oa, halafu unanitumia picha unacheka?"

Miezi miwili baadaye mlango wa bafu juu ukagoma kufunga. Nikaupiga randa. Ukagoma tena. Halafu mke wangu akaangusha ndimu jikoni, ikabingirika taratibu mpaka chini ya friji. Akaiokota, akaiweka palepale, ikaenda tena. Hakusema neno, aliniangalia tu.

Nikashuka na uzi kupima boriti ambayo nguzo ile ilikuwa imeishika. Usiuvute ukigusa boriti, maana tumbo la boriti litausukuma na utapima uongo. Weka kipande cha ubao cha unene uleule kila mwisho, uzi upite chini yake, kisha upime katikati. Yangu ilikuwa imezama inchi moja na robo. Boriti yenyewe ni mbao tatu za inchi 2 kwa 10 zilizopigiliwa pamoja, na nguzo zilikuwa kila futi 8. Mimi nikaiachia futi 16.

Jirani akashauri niongeze ubao mmoja pembeni, nikaze kwa misumari. Ubao niliununua kweli. Leo ni rafu ya viatu.

Kabla ya kumwita injinia nikajifanya mwanamume. Nikanunua jeki ya tani 20, nikaisimamisha sakafuni, juu yake gogo, nikaanza kupampu. Nikasikia kra! Nikafurahi, nikajua boriti inapanda. Nikapampu tena. Kra! Mke wangu akauliza juu kuna nini, nikamwambia atulie, kazi inakwenda. Nilipopima, uzi haukuwa umebadilika hata kidogo. Nikainamisha tochi: zege la sakafu, ambalo unene wake haukuzidi inchi 4, lilikuwa limepasuka kama sahani, na jeki imekaa kwenye shimo lake kama kuku anayeatamia.

Injinia alichukua dola mia nne na ushee, nami sijutii hata senti. Ndiye aliyenieleza kwamba kwa mzigo uleule wa kila futi, nafasi kati ya nguzo ikiongezeka maradufu boriti haipindi mara mbili, inaweza kupinda mara 16. Akachora: chaneli mbili za chuma za inchi 8, yaani vyuma virefu vyenye umbo la C, moja kila upande wa boriti, zikazwe kwa bolti zinazopita katikati ya mbao. Na nguzo mbili zilizobaki zitengenezewe misingi mipya, kwa kuwa sasa zinabeba na mzigo wa ile marehemu. Kuvunja zege na kumwaga jipya kulikula wikiendi mbili na mgongo wangu.

Safari hii jeki niliikalisha juu ya mbao nene zilizopishanishwa, nikapandisha milimita tatu tu kila jioni nikitoka kazini. Siku kumi. Ukuta wa jikoni ulipata ufa mmoja, nikauziba. Mirunda ya chuma ikashika sakafu ya juu pande zote mbili.

Kila chaneli ilikuwa na uzito wa pauni 190 hivi, na ngazi ina kona. Ikabaki kidirisha. Nikawaomba vijana wanne wa kanisani, nikapaka kizingiti sabuni ya mche, ile ya duka la Waafrika, na chuma kikateleza ndani kama samaki. Cha kwanza kiliteleza kupita kiasi, kikaitoboa mashine ya kufulia. Matundu ya bolti yalikuwa yametobolewa kiwandani, hivyo kutoboa mbao ilikuwa kufuata tu. Vyuma havikufika dola elfu moja na mia tano. Mashine ya kufulia sihesabu.

Mkaguzi wa jiji alikaa dakika tano, akagongagonga bolti, akasaini. Akiwa mlangoni akauliza ni nani aliyeondoa nguzo ile. Nikamwambia niliponunua nyumba niliikuta hivyo. Mke wangu akakohoa.