Migeuko 59

Leo nimekaa na hesabu moja ndogo. Kuogelea mita 1,500 katika bwawa la mita 25 ni kulikata bwawa mara 60, kwa hiyo unageuka mara 59. Tuseme kila mgeuko unakunyima hewa sekunde nne tu, tangu pumzi ya mwisho hadi ya kwanza baada ya ukuta. Jumla yake inakaribia dakika nne. Kijana hazioni. Mwenye miaka 60 huzilipa zote, tena kwa riba.

Akianza kutweta husema mapafu yamezeeka. Ni kweli kifua hukakamaa na moyo haupigi kasi kama zamani, lakini kinachomkaba pale ukutani ni kabonidayoksaidi iliyorundikana. Anauona ukuta, anajaza kifua, anafunga pumzi mpaka aibuke. Akiibuka inabidi atoe hewa na kuvuta nyingine, vyote katika ule mpenyo wa nusu sekunde mdomo ukiwa juu ya maji. Anaambulia robo ya pumzi. Migeuko kumi ya namna hiyo na mbio zimeharibika.

Dawa iko puani. Vuta pumzi ya mwisho kabla kichwa hakijafika kwenye ile T nyeusi sakafuni, ambayo kwenye mabwawa ya vipimo rasmi iko mita 2 kutoka ukutani. Usiinue uso kuutafuta ukuta: macho yakipanda nyonga huzama, na kupiga kichwangomba, yaani kugeuka kwa kubingirika majini, kunakuwa sawa na kubingirisha gunia la mchele lililolowa. Kidevu kikishagusa kifua, vumisha "mmm" puani, viputo vyembamba tu. Ukinyamaza, maji yanapanda puani. Ukimwaga hewa yote kwa mkupuo, utasukuma ukuta kifua kikiwa kitupu na hamu ya kupumua itakuibua mapema. Theluthi itoke ukibingirika, theluthi ukiteleza, iliyobaki mkono wa kwanza unapovuta maji. Mdomo ukifika juu, kazi yake iwe kuvuta hewa tu.

Nyayo zitue sentimita 30 hadi 40 chini ya uso wa maji, magoti yamekunjwa kama ya mtu aliyekaa kitini. Sheria inaruhusu kubaki chini ya maji hadi mita 15, lakini hizo waachie wenye mapaja ya miaka 20. Paja ni mlaji mkubwa wa oksijeni. Teke moja la pomboo, yaani la miguu yote miwili pamoja, mawili ukiwa na nguvu, kisha uibuke karibu na usawa wa bendera zinazoning'inia juu ya bwawa mita 5 kutoka ukutani. Usipumue kwenye mkono wa kwanza, kwa sababu mwili bado unapanda na utakunywa maji. Pumua kwenye wa pili, halafu kila baada ya mikono miwili, kwa pumzi tatu za mwanzo, hata kama kawaida yako ni mikono mitatu.

Kugeuka kwa kugusa ukuta kwa mkono nako ni halali kabisa katika mtindo huru, na kwa mwenye kizunguzungu ndiko ninakokupendekeza bila kusita. Kosa linaloonekana kila siku ni kushika ukingo kwa mikono miwili na kujiinua mpaka kifua kitoke majini, kama mtu anayepanda mtumbwi. Mkono mmoja uguse, magoti yaje tumboni, mdomo utoke kiasi cha kuvuta pumzi moja, kisha uzame kwa ubavu na kusukuma. Unaweza kuchanganya, tuseme kila mgeuko wa nne uwe wa mkono, ila liamue hilo kabla ya kuanza. Ukingoja mpaka uishiwe, pumzi hiyo moja haitakuokoa.

Mazoezi: anzia mita 10 kutoka ukutani, ogelea, geuka, rudi mita 10, pumzika sekunde 20. Mara nane. Ikiwa ya sita inakuacha unahema, kesho fanya tano. Usihemeheme haraka haraka kabla ya kuzama ili "kujaza hewa": unafuta kabonidayoksaidi, ambayo ndiyo kengele yako, na unaweza kuzimia majini bila dalili. Na anayetumia dawa za presha zinazopunguza mapigo ya moyo asiamini mapigo yanayoonyeshwa na saa ya mkononi. Ajipime kwa kuongea: sekunde 20 zikiisha, kama hawezi kumwambia jirani yake sentensi nzima bila kukata, apumzike tena.