Bamkubwa hawezi kuomba maji, lakini matusi anayo

Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, kwenye mabanda ya dagaa, bamkubwa alijulikana kwa mdomo. Mteja awe wa Kongo au wa Burundi, atachekeshwa mpaka asahau kwamba bei imepanda. Kisha presha ikapanda, kiharusi kikampiga mkono na mguu wa kulia, na maneno nayo yakaenda.

Majirani wa banda wana maelezo mawili. Lile la kurogwa nawaachia wenyewe. Linaloniudhi ni la pili, eti mzee anajifanya. Ushahidi wao ndio huu: akitaka maji anahangaika, jasho linamtoka, anasema "ma... ma..." halafu anapunga mkono basi. Lakini msalimie jioni kwa Kisukuma, "mwadila", anakujibu vizuri tu. Kwaya ikipigwa redioni anaimba nayo ubeti mzima. Na chai ikimmwagikia, linatoka tusi zito, limenyooka, halijakosa hata silabi. Mzee wa kanisa huyo! Mama mkubwa alilia siku ya kwanza, akidhani mumewe alikuwa na hayo moyoni miaka yote.

Mimi ni wakala wa pesa za simu papo hapo sokoni, na mchana wateja wakipungua huwa nasoma. Hivyo ndivyo nilivyokutana na habari za Leborgne. Huyu alikuwa mgonjwa huko Paris, na kwa miaka zaidi ya 20 kila alichoulizwa alijibu "tan". Hospitali nzima ikamwita Tan. Ila akikasirika kwa kutoeleweka, aliapa kwa jina la Mungu, kiapo kizima cha Kifaransa. Aprili 1861 alifikishwa kwa daktari Paul Broca, akafa siku chache baadaye, na Broca akauchunguza ubongo wake. Palipoharibika palikuwa sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Kufikia 1865, baada ya kuona wagonjwa wengine, Broca akasema wazi kwamba kwa watu wengi usemi unakaa kushoto. Na kwa kuwa mishipa ya fahamu inayoendesha viungo hupishana chini ya ubongo, kushoto kukiumia, mkono wa kulia ndio unaolegea. Niliposoma hapo nilifunga kibanda nikaenda kumsomea mama mkubwa.

Nilimweleza hivi. Kuomba maji ni kutunga: ulitafute neno, ulipange na mengine, uuagize ulimi. Kazi hiyo ndiyo iliyokatika. Salamu, wimbo, kuhesabu na tusi havitungwi, vimerudiwa maishani mpaka vikawa kipande kimoja, na vinategemea zaidi upande wa kulia na sehemu za ndani kabisa za ubongo. Kwa hiyo tusi lile halikuwa siri ya moyo. Ni neno lililobaki likifikika wakati mengine hayafikiki, na hasira inalisukuma nje. Mama mkubwa alinyamaza kidogo, akauliza, "Sasa matusi si hata mimi ninayo humo kichwani?" Anayo. Sote tunayo.

Akili ya mzee ipo, anakusikia na anakuelewa. Kliniki moja tuliyompeleka mhudumu alimuuliza mwanawe kila kitu, amekula nini, amelalaje, na mzee amekaa pale pale akimtazama. Kilichofuata mnakijua.

Kuna jambo la lugha pia. Mwanasaikolojia Mfaransa, Ribot, alidai kwamba mtu wa lugha mbili akipoteza usemi, lugha ya utotoni ndiyo inayodumu. Mfaransa mwenzake, daktari Pitres, mwaka 1895, akasema hurudi kwanza ile uliyokuwa ukiitumia zaidi. Nilisubiri nione ni Kisukuma cha Magu au Kiswahili cha sokoni. Bamkubwa kawakatalia wote wawili: vinarudi pamoja, kidogo kidogo, na ndivyo inavyowatokea wengi.

Tunamsaidia kwa wimbo. Mwaka 1973 wataalamu wa Boston walieleza njia ya kuimba sentensi fupi huku mgonjwa akigonga kwa mkono wa kushoto, mwishoni wimbo unaondolewa polepole. Haimfai kila mtu. Sisi tumefika "naomba maji", kwa sauti ya kwaya, na wajukuu wanaitikia hata kama hawana kiu.

Kwenye biashara amerudi. Namba moja moja haiji, lakini akianzia mwanzo inakuja, kwa hiyo kupata saba anapita moja, mbili, tatu mpaka afike. Juzi Mkongomani aliomba apunguziwe elfu kumi kwa gunia. Bamkubwa akaanza: "Moja... mbili..." Akafunga mdomo. Yule mteja akamshika bega, "Endelea, mzee, endelea!" Mzee akageukia magunia yake. Walikubaliana elfu mbili.