Gari langu liligongwa nikiwa sipo: nilivyofuatilia mpaka likatengenezwa

Nilitoka kwenye jengo nikiwa na mafaili kwapani, na kabla sijalifikia gari nikaona kuna kitu hakijakaa sawa. Jua lililokuwa likipiga mlango wa nyuma wa kushoto lilikuwa limejikunja katikati. Nilipokaribia, mlango umebonyea, mkwaruzo unaanzia chini ya kitasa na kukimbilia nyuma hadi juu ya tairi, na nafasi iliyokuwa kushoto kwangu ni tupu. Hakuna kikaratasi kwenye waipa. Hakuna mtu aliyesimama kunisubiri.

Gari hilo ndilo linalompeleka mama kliniki na watoto shule. Joto lilinipanda shingoni. Nikapitisha kidole kwenye mkwaruzo, kikatoka na unga mweupe, na hapo nikashtuka nikaurudisha mkono. Gari langu ni la buluu iliyokolea. Ule weupe ulikuwa rangi ya gari lililonigonga, na mimi nilikuwa naufuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikaamua gari halisogei hata kidogo mpaka nimalize kulipiga picha. Nilianza kwa mbali, ili gari lote lionekane pamoja na mistari ya maegesho, kwa sababu nilijua swali la kwanza litakuwa kama niliegesha vizuri. Tairi zote nne zilikuwa ndani ya mistari, na picha inaonyesha hivyo. Kisha nikasogea: mlango, mkwaruzo, unga mweupe. Chini, karibu na tairi la nyuma, palikuwa na kipande cha plastiki cha rangi ya machungwa, kidogo kuliko kidole gumba. Nilikipiga picha kikiwa pale pale kilipoangukia, ndipo nikakiokota na kukitia kwenye bahasha.

Sikuwa na futi ya kupimia. Nilichokuwa nacho ni karatasi za A4, na karatasi ya A4 ina urefu wa sentimeta 29.7. Nikazisimamisha mbili, moja juu ya nyingine, kutoka chini hadi kwenye mkwaruzo. Katikati ya mkwaruzo palipita ukingo wa karatasi ya pili kidogo tu, yaani kama sentimeta 60 na ushei. Nikapiga picha karatasi zikiwa zimeegemea mlango. Wakati ule nilifanya kwa kubahatisha tu, lakini picha hiyo ilikuja kunifaa kuliko zote.

Mkwaruzo wenyewe unaeleza habari nyingi ukiutazama kwa utulivu. Rangi iliyokwanguliwa husukumwa kuelekea kule gari lililogonga lilikokuwa likienda, na hujikusanya pale mgongano ulipoishia. Kwangu ilikuwa imejikusanya upande wa nyuma, juu ya tairi. Maana yake aliyenigonga alikuwa anarudi nyuma. Gari likirudi nyuma huku usukani umekatwa, pua yake hupanuka upande wa pili, na dereva anayeangalia nyuma peke yake haioni pua hiyo ikienda. Kwa hiyo nilikuwa natafuta gari jeupe lililokuwa limeegeshwa kushoto kwangu, kichwa mbele kama mimi, na lenye indiketa ya mbele ya kulia iliyovunjika.

Nilimwendea mlinzi wa getini. Hakuona mgongano, lakini alikumbuka gari jeupe lililotoka kwa haraka kabla ya saa saba. Mama mmoja aliyekuwa ndani ya gari la mstari wa nyuma akimsubiri mumewe alisema alisikia kishindo, akainua kichwa, akaona gari jeupe limesimama kidogo kisha likaondoka. Namba hakuishika. Nilimwomba jina na simu, akanipa bila kusita, na nilimshukuru kwa dhati kwa sababu watu wengi hapo huogopa kuitwa mashahidi.

Kisha kamera. Hapa nasisitiza, maana ndipo wengi wanapopoteza haki yao: mitambo mingi ya kamera hurekodi juu ya picha za zamani baada ya siku kadhaa. Ukisubiri wiki upoe hasira, huenda ukakuta picha yako imeshafutwa. Nilikwenda ofisi ya msimamizi wa jengo muda ule ule. Alisema hawezi kunipa picha mkononi kwa sababu zina watu wengine ndani yake, nami sikubishana naye. Nilimwomba jambo moja tu: azihifadhi zisifutwe, ili polisi au kampuni ya bima wakizihitaji wazikute. Niliandika barua fupi hapo hapo mezani kwake, nikataja tarehe, namba ya gari langu, na muda: kuanzia saa 3:10 asubuhi, kama tiketi yangu ya maegesho ilivyoonyesha, hadi saa 6:50 mchana. Aligonga muhuri kwenye nakala yangu.

Polisi nilikwenda siku hiyo hiyo. Katika nchi nyingi dereva anayegonga gari lisilo na mtu anatakiwa kuacha jina na mawasiliano yake au kwenda kutoa taarifa, na kuondoka kimya ni kosa linalojitegemea, mbali na ule uharibifu. Nilipewa namba ya taarifa, nikaipeleka kwa kampuni yangu ya bima. Bima yangu haikuwa ile kubwa. Ilikuwa inalipa madhara ninayowasababishia wengine; gari langu mwenyewe haigusi. Rafiki yangu alinishauri nisijisumbue kuwaambia, lakini mikataba mingi ya bima inakutaka utoe taarifa ya tukio lolote. Na tumaini langu lilikuwa hapo hapo: bima ya aina hiyo hiyo aliyo nayo aliyenigonga ndiyo inayopaswa kunilipa mimi. Kilichobaki ni kumpata.

Siku ya tano polisi walipata namba kwenye picha za kamera. Jioni yake simu ikalia.

"Dada, samahani sana. Mimi ndiye niliyekugusa pale kwenye maegesho."

Alikuwa kijana anayeendesha gari la mwajiri wake. Alisema aliogopa kazi itaota mbawa. Akaniomba tumalizane kimya kimya: anaye fundi wake, atanyoosha na kupuliza rangi, na mwajiri asijue. Nilimsikia sauti inavyotetemeka, na ukweli ni kwamba nilimwonea huruma. Lakini nilimwambia hivi: "Kaka yangu, sina nia ya kukufukuzisha kazi. Ila sijui bado kilichoharibika ndani ya mlango, na wewe pia hujui. Acha kwanza ufunguliwe, tujue tunazungumzia nini."

Nafurahi nilisimama hapo. Fundi bodi alipovua bitana ya mlango kwa ndani, tuliona reli ya mashine ya kioo imepinda. Kioo kilikuwa bado kinapanda, lakini kwa kukwaruza, na kingegoma muda si mrefu. Akanionyesha pia ile sehemu ya juu ya tairi la nyuma. Madigadi ya mbele katika magari mengi hufungwa kwa bolti na hubadilishwa kama kifuniko. Ya nyuma imechomelewa na bodi nzima, hivyo ama inyooshwe kwa subira, ama ikatwe na kuchomelewa upya. Rangi ilikuwa imetoka hadi bati linaonekana, na bati tupu likipata unyevu kutu haichelewi. Kijana alikuja akayaona yote hayo kwa macho yake. Alinyamaza, kisha akasema atamwambia mwajiri mwenyewe. Akamwambia.

Nilichukua makadirio ya mafundi wawili, yote kwa maandishi, kila kazi kwenye mstari wake, nikayapeleka kwa bima ya upande wa pili pamoja na picha, taarifa ya polisi na jina la shahidi. Jibu la kwanza lilinichoma. Mlango watalipa, lakini bonyeo la juu ya tairi walisema ni la zamani.

Usiku ule nilikaa kitandani nikipekua picha za simu, moja baada ya nyingine, mpaka nikaikuta: watoto wamesimama kando ya gari, siku 12 kabla ya tukio, na nyuma yao ile bodi ya kushoto imenyooka, inaakisi miguu yao bila mkunjo wowote. Faili la picha lilikuwa na tarehe ndani yake. Niliituma pamoja na ile ya karatasi mbili za A4. Mkaguzi wao alikwenda kulipima gari jeupe, akakuta kona ya bampa lake imekwanguka kwenye kimo kile kile, ina chembe za buluu, na kile kipande changu cha machungwa kikajaa sawasawa kwenye pengo la indiketa. Madai yalikubaliwa yote. Hata nauli za siku ambazo gari lilikuwa gereji walizirudisha, kwa kuwa nilikuwa nimetunza risiti.

Kabla ya hapo waliniletea fomu inayosema nimepokea malipo kamili na ya mwisho, wakitaka niisaini kazi ikiwa haijaanza. Nilikataa kwa adabu. Niliomba kazi iishe kwanza, nilione gari, ndipo nisaini. Walikubali baada ya mabishano kidogo.

Kazi ya rangi ilichukua muda mrefu kuliko kunyoosha. Namba ya rangi ilikuwepo kwenye stika ya fremu ya mlango, lakini gari lililoshindia juani miaka mingi halibaki na rangi ileile ya kiwandani, kwa hiyo fundi alichanganya, akajaribu kwenye kipande cha bati, akachanganya tena, kisha akaififisha rangi mpya taratibu kuingia kwenye mlango wa mbele ili jicho lisione mpaka.

Siku ya kulichukua nilimwomba alitoe nje, kwa sababu ndani ya gereji, chini ya taa, buluu zote zinafanana. Alilisogeza juani. Nilichuchumaa nyuma ya gari nikalitazama kwa ubavu, kutoka taa ya nyuma hadi kioo cha pembeni. Jua lilipita lote bila kujikunja. Palikuwa na chembe moja ya vumbi iliyonasa kwenye rangi, akaisugua mbele yangu mpaka ikaisha. Nikapandisha kioo na kukishusha mara tatu, kikapanda kimya. Nikafunga mlango, ukajifunga kwa sauti yake ya zamani, ndipo nikamwomba kalamu.