Sufuria Iliyozaa na Gemu za Kubofya

Jumapili, usiku

Leo nimemaliza tena Four Last Things, gemu ya 2017 ya Joe Richardson wa Uingereza, na bado inanichekesha palepale mwanzoni. Mtu amejaa dhambi, anaogopa moto, anakwenda kanisani kuomba msamaha. Anaambiwa haiwezekani: dhambi zako ulizitendea nje ya mipaka yetu, hatuna mamlaka nazo. Ukitaka tukusamehe, zirudie zote saba humuhumu kwetu. Basi kazi ya mchezaji ndiyo hiyo, kumzungusha huyo bwana kwa kipanya atafute pa kufanyia ulafi, uvivu, hasira na nyinginezo, kwa nia safi kabisa ya kuokoka.

Aliyewahi kupeleka shida yake ofisini akajibiwa "hilo si la kata yetu" hahitaji kufafanuliwa.

Kinachonivuta ni kwamba upuuzi huu una sheria, tena kali. Ni sufuria ya Abunuwasi. Jirani akishakubali kwamba sufuria yake imezaa, akapokea na kitoto chake huku anachekelea, siku akiambiwa imekufa hana pa kushika. Ila katika hadithi ni jirani anayenaswa, mimi nacheka pembeni. Kwenye gemu nanaswa mimi. Baada ya muda mfupi tu nilikuwa nawaza kwa dhati, kama mtu mwenye orodha ya sokoni: wivu tayari, bado kiburi.

Halafu zile sura! Richardson amekatakata michoro ya kale ya Ulaya, watu wa wachoraji akina Bosch na Bruegel, akawafanya watembee na kuzungumza. Wana nyuso kavu za watu ambao hawajui kuna utani unaendelea. Wangekuwa vikaragosi vya macho makubwa, nusu ya kicheko ingepotea.

Nalinganisha na McPixel, gemu ya 2012 kutoka Poland. Pale una sekunde 20 kuzuia mlipuko, unabofya chochote unachokiona, na mara nyingi kinachotokea ni uchafu au balaa. Nilicheka hadi machozi, kisha hamu ikaisha ghafla. Kila kitu kinawezekana mle, kwa hiyo sikuwa na cha kutarajia, na asiye na matarajio utamshtua vipi? Wapo wanaoipenda kuliko hizi zote. Sigombani nao.

Baada ya chakula nikafungua The Procession to Calvary, ya 2020, ya Richardson huyohuyo. Jina kalitoa kwenye mchoro wa Bruegel wa 1564. Safari hii ni mwanamke askari, sura yake imekatwa kwenye mchoro wa Rembrandt, anayesononeka kwa kuwa vita takatifu vimekwisha na kuua sasa ni marufuku. Bado ana upanga wake. Gemu inakuruhusu kuutumia kukwepa mafumbo, ingawa mwisho wako hautafanana na wa aliyejizuia.

Mdogo wangu, aliyekuwa anachungulia begani kwangu, akauliza: "Sasa dada, unahangaika nini na upanga unao?" Nikamwachia kipanya. Amechinja kila aliyemzibia njia, kafika mbio, na hadi naandika haya anaibishia skrini kwamba kaonewa, kwani nani alimpa upanga?