Sitang'oa Mifuko ya Hewa

Kila fundi anayeingia chini ya Lincoln Town Car yangu, gari kubwa la kifahari la Kimarekani, hutoka na neno lile lile: ng'oa hiyo mifuko ya hewa inayobeba gari kwa nyuma, weka springi za chuma, umalize kesi. Ushauri si mbaya. Chuma hakivuji, na hakihitaji kompresa, yaani pampu ya kukijaza hewa. Bado nimekataa.

Nililitamani gari hili kwa muda mrefu. Nilipopata uwezo wa kulinunua, lilikuwa limeshaacha kutengenezwa. La mwisho lilitoka kiwanda cha St. Thomas, Ontario, mwaka 2011. Kwa hiyo kila Town Car inayouzwa leo imeshapita mikononi mwa mtu, na mnunuzi inabidi ajue ni mtu wa namna gani. Mengi yalikuwa ya kukodisha pamoja na dereva. Hayo niliyachunguza kuanzia nyuma: ngozi ya kiti iliyolegea upande wa kulia, mlango wa abiria uliochoka kuliko wa dereva. Maili za kwenye dashibodi hazihesabu saa ambazo injini iliunguruma nje ya uwanja wa ndege ikimsubiri mteja. Langu lilikuwa la familia, na kiti cha nyuma kilikuwa bado kigumu kama hakijakaliwa.

Ni la 2003, na mwaka huo niliuchagua makusudi. Yale ya 1998 hadi 2001 yana manifoldi ya plastiki, njia ya kuingizia hewa kwenye injini, ambayo maji ya kupozea injini hupita ndani yake. Plastiki ikizeeka hupasuka, maji yakaisha, injini ikachemka. Mwaka 2003 chasisi iliboreshwa na mfumo wa usukani ukabadilishwa, gari likawa linamsikia dereva vizuri zaidi. Injini ni V8 ya lita 4.6, kamshafti zake, zinazofungua vali za injini, zinazungushwa kwa cheni na si mkanda, na ukifungua boneti mkono unapita bila kuchubuka. Mafuta inakunywa, hasa mjini kwenye foleni. Hilo nililijua.

Lakini raha ya gari hili haiko kwenye injini. Lina urefu wa karibu mita 5.5, mkono wa gia uko kwenye usukani, na mbele wanakaa watu watatu. Bodi imefungwa juu ya chasisi kama ya lori, na ekseli ya nyuma ni nzima, ya kizamani. Gari la muundo huo lingepaswa kurukaruka kwenye kila shimo. Halirukiruki kwa sababu ya mifuko ile miwili ya mpira iliyojaa hewa. Wakipanda watu nyuma na buti likajaa mizigo, mkia unashuka, kihisi cha kimo kinatambua, kompresa inaanza kunguruma kwa sauti ndogo, na gari linainuka taratibu mpaka likae sawa. Mke wangu husinzia kabla hatujaifikia barabara kuu. Nikiweka chuma gari litaendelea kutembea, ila nitakuwa nimeondoa kile nilichokilipia.

Ninachoona hakisemwi vya kutosha ni jinsi mfumo huu unavyokufa. Mpira wa mifuko hukauka na kupasuka kwenye mikunjo, au viringi vidogo vya mpira kwenye vali huanza kupitisha hewa. Kompresa nayo hujaribu kufidia, inafanya kazi bila kupumzika, mwishowe inaungua. Mwenye gari anaona kompresa imekufa, ananunua mpya, uvujaji ule ule unaiua nayo. Ndipo anaapa kwamba mfumo wa hewa ni balaa. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye mifuko na vali kwanza; povu litakuonyesha mahali. Na kabla ya kuweka jeki, zima swichi ya mfumo iliyo ndani ya buti. Hili nalisisitiza, maana mfuko unaweza kuharibika gari likiwa limening'inia.

Asubuhi hizi mkia wa gari langu umekuwa chini kidogo upande wa kushoto, na povu limeonekana kwenye mikunjo ya mfuko. Nimeagiza mifuko yote miwili pamoja na viringi vipya vya vali. Kompresa bado nzima, itabaki. Fundi amenung'unika, kisha akaniambia nilete gari Jumamosi.