Sofa kitanda ya 4x6: vipimo, chaga na mahali inapoharibikia

Kabla fundi hajakata ubao hata mmoja, ukubwa wa sofa kitanda uamuliwe na shuka. Madukani shuka, chandarua na godoro vyote vinakwenda kwa futi: 3x6, 4x6, 5x6, 6x6. Sofa ikifunguka ikatoa kitanda cha upana wa sentimita 105 na urefu wa sm 170, hakuna shuka itakayoikaa vizuri, na mgeni mrefu atalala amekunja magoti. Mafundi wengi huanza na sofa wanayoijua, ile ya watu watatu, halafu ndipo watafute namna ya kuifanya ifunguke. Kitanda kinachopatikana hapo ni makombo. Anza na kitanda cha 4x6, sofa ijengwe kukizunguka.

Aina zipo nyingi, lakini tatu ndizo zinazozunguka sokoni. Ya kwanza ni ile ya fremu ya chuma inayokunjwa na kufichwa chini ya kiti pamoja na godoro lake. Hiyo ndiyo iliyomtajirisha Bernard Castro, mhamiaji kutoka Sicily aliyefungua kampuni yake New York mwaka 1931; tangazo lake la televisheni la mwaka 1948 lilimwonyesha binti yake mdogo, Bernadette, akiifungua sofa peke yake. Kipimo hicho bado ni kizuri: kama mtoto hawezi kuifungua, bibi mwenye mgongo mbovu naye hataiweza. Tatizo la aina hii ni godoro. Lazima liwe jembamba ili likunjike, na pale fremu inapokunjia kuna bomba la chuma linalopita chini ya mwili wa mlalaji. Sponji ikishachoka, bomba hilo unalihisi kiunoni usiku kucha.

Ya pili ni ile ambayo egemeo linaangushwa nyuma hadi lilingane na kiti, na bawaba zake hulia “tak” kila hatua. Ni nyepesi na bei yake ni nafuu. Lakini inataka nafasi ya sm 10 hadi 15 kati yake na ukuta, na mtu akikaa ghafla kwenye ukingo wa egemeo lililolazwa, upande wa pili unanyanyuka. Nyingi hufa mahali pamoja: bawaba imefungwa kwa skrubu kwenye chipboard (ubao wa chembechembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi), skrubu zinachomoka, tundu linapanuka, mwenye nyumba anaweka skrubu nene zaidi na ubao unapasuka. Dawa ni kutoa skrubu zote na kupitisha bolti za M8 (unene wa mm 8) kutoka upande mmoja hadi wa pili, na washa pana (kile kisahani cha chuma chenye tundu) au kipande cha bati nene nyuma yake.

Ya tatu ndiyo ninayoipendekeza kwa karakana za kwetu, kwa sababu haina kifaa hata kimoja cha kuagiza nje. Ni ile ya chaga, yaani vibao vyembamba vinavyobeba godoro, zinazopishana. Seti moja ya chaga imefungwa kwenye fremu, nyingine inateleza katikati yake kama vidole vya mikono miwili vilivyoingiliana. Ukivuta ubao wa mbele, vidole vinaachana na kitanda kinatoka. Fundi yeyote wa Keko, Dar es Salaam, au wa Ngong Road, Nairobi, mwenye msumeno, randa na drili anaweza kuitengeneza.

Hesabu yake iko hivi. Nafasi ya ndani kati ya mkono na mkono wa sofa iwe sm 188, ndiyo urefu wa kulala. Kina cha chaga sofa ikiwa imefungwa ni sm 75: mto wa kukalia unachukua 60, na mto wa mgongoni unasimama nyuma yake ukichukua 15, ambao ni unene wake. Ukivuta mbele sm 45, kina kinakuwa 120. Sasa mto wa kukalia unabaki na 60 zake, na ule wa mgongoni unalazwa nyuma yake ukichukua 60 nyingine. Kitanda kimejaa bila pengo. Chaga zikiwa na urefu wa sm 75, na umezivuta 45, bado zinapishana kwa sm 30. Usipunguze hapo. Mapishano yakiwa madogo, fremu inacheza kushoto na kulia.

Kila chaga iwe na upana wa sm 5 na unene wa 2.5. Kati ya chaga iliyofungwa na inayoteleza acha milimita 3 kila upande, maana yake pengo kati ya chaga mbili zilizofungwa ni sm 5.6. Chaga 18 zilizofungwa na mapengo 17 zinakupa sm 185.2, na kila pembeni inabaki 1.4. Jumla ni chaga 35. Ubao wa futi 12 unatoa vipande vinne vya sm 75, kwa hiyo nunua 9. Kipande kimoja kinabaki, na hicho usikitupe. Kibandike vibanzi vya plaiwudi ya mm 3 ubavuni pande zote mbili, kitakuwa kipimo chako: unafunga chaga ya kwanza, unaweka kipimo, unasukuma ya pili hadi iguse, unafunga, unahamisha. Ni haraka kuliko futikamba, na kila pengo linakuwa sawa na lingine.

Angalizo moja: ubao unaoitwa 1x2 (hapo ni inchi, si futi) ukishapigwa randa si 1x2 tena. Pima chaga zako halisi, kisha ongeza mm 6 upate pengo. Fundi anayehesabu kwa jina la ubao ataishia na mapengo mapana kuliko yanavyotakiwa.

Kwa nini mm 3 na si 1, wakati 1 ingeonekana nadhifu zaidi? Kwa sababu ya masika. Chaga ya sm 5 ikinyonya unyevu inaweza kuvimba zaidi ya nusu milimita, na jirani yake pia inavimba, tena hakuna chaga iliyonyooka kabisa. Sofa iliyoteleza vizuri karakanani mwezi wa Januari, ikifika Aprili Dar es Salaam au Mombasa haivutiki. Mbao mbichi ni mbaya zaidi, kwa sababu zinapinda zikiwa tayari ndani ya sofa. Zipange kivulini, papi (vibao vyembamba) kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, wiki nne hadi sita kabla ya kuzigusa. Mninga ni mzuri lakini kwa sofa nzima unakuwa mzito na ghali, uweke panapoonekana. Chaga za mtiki zinatosha kabisa. Msindano nao unafaa kwa fremu iliyofichwa. Kwenye chaga uchague usio na vifundo, maana chaga huvunjikia kwenye kifundo.

Chini ya chaga kuna mbao tatu zinazobeba kila kitu. Nyuma kabisa kuna ubao ambao mikia ya chaga zote inaukalia. Sm 60 kutoka nyuma kuna boriti ya kati, 2x4 iliyosimamishwa kwa ubavu, yenye mguu wake katikati. Bila mguu huo, urefu wa sm 188 utapinda watu wawili wakilala. Mbele, nyuma ya ubao unaovutwa, kuna 2x2 iliyoshika vichwa vya chaga zinazoteleza, nayo ina miguu mitatu. Chaga zilizofungwa zinapigwa gundi na skrubu kwenye ubao wa nyuma na boriti ya kati, skrubu mbili kila mahali: 72. Zinazoteleza zinafungwa mbele tu: 34. Hizo zote ni za mm 50, na toboa kwanza, hasa kwenye mbao ngumu, la sivyo ncha ya chaga inapasuka.

Sasa kizuizi. Chini ya chaga zinazoteleza, sm 10 kutoka mikiani, pitisha papi moja ya unene wa sm 2.5 inayoziunganisha zote. Ukingo wake wa mbele uwe sm 15 kutoka nyuma. Ukivuta sm 45, papi inagonga boriti ya kati na kitanda kinasimama hapo hapo. Bandika vipande vya mpira wa tyubu pale inapogonga ili isipige kelele. Papi hii ifungwe kwa skrubu za mm 40, si za 50. Papi na chaga pamoja ni mm 50 kamili. Skrubu ya 50 itatoa ncha juu, na utaigundua siku kitambaa kitakapochanika. Usiipige gundi, kwa sababu ndiyo unayoifungua ukitaka kutenganisha sofa.

Jambo dogo linalosahaulika ni mikia ya chaga zinazoteleza. Sofa ikifunguliwa, mikia inaacha ubao wa nyuma na kubaki hewani. Ikifungwa, inatakiwa ipande tena juu yake. Ikiwa ncha zake ni kali, moja itagonga ubao na sofa itakwama sm chache kabla ya kufunga. Kata kona ya chini ya kila mkia kwa randa, mshazari wa kama sm 1, upige msasa. Kisha paka ubavu wa chaga zote nta ya mshumaa. Grisi hapana: inakamata vumbi na kuishia kwenye kitambaa.

Mshikio uwe mmoja, katikati. Droo pana na fupi ikivutwa kwa kona inakwenda mshazari na kukwama, na hii ni droo ya upana wa karibu mita mbili. Ukiweka mishikio miwili, watu watavuta mmoja.

Juu ya chaga iwe sm 28 kutoka sakafuni. Ongeza mto wa 15, unapata 43, kimo kizuri cha kukaa hata baada ya sponji kuzama kidogo. Kiti cha kawaida huinamishwa nyuma kidogo ili mtu asiteleze mbele, lakini hapa haiwezekani, maana mlalaji atabingirika. Fidia kwa egemeo: katika kimo chake cha sm 60, ncha ya juu ilale nyuma sm 10, isizidi hapo. Na chagua kitambaa chenye mkwaruzo. Ngozi bandia kwenye kiti bapa inateleza mchana, na usiku wa joto la pwani inamganda mtu mgongoni.

Sponji ndiyo inayoamua kama mgeni atarudi. Kosa ninaloliona kila mahali ni sponji ngumu kwenye kiti na pamba laini kwenye mto wa mgongoni. Mto huo ndio nusu ya kitanda! Mito yote miwili iwe ya sponji ileile, sm 188 kwa 60 kwa 15. Ulaini wa mgongo utatoka kwenye mito midogo ya kuegemea, ambayo pia inapunguza kile kina cha sm 60 ambacho ni kirefu kwa mtu mfupi. Mito ikilingana, unaibadilishana kila mwezi, wa kiti uende mgongoni, na kuigeuza. Usipofanya hivyo, kiti kitazama mapema na kitanda kitakuwa na ngazi katikati.

Usidanganyike kwa kubonyeza sponji kwa kidole. Ugumu ni kitu kimoja, uzito wa ujazo ni kitu kingine, na huo wa pili ndio unaosema sponji itadumu kiasi gani. Ipime kwenye mzani. Kipande cha vipimo hivyo chenye kilo 30 kwa mita ya ujazo kina uzito wa kilo 5 na kidogo. Kikiwa na kilo 3, umeuziwa sponji ya kilo 18, hata kama lebo inasema vingine.

Foronya ya mto ikatwe ndogo kuliko sponji kwa sm 1 kila upande ili ikaze, zipu ikae ubavu usioonekana. Pale mito miwili inapokutana, usishone ule mshipi mnene wa urembo ukingoni. Kwa walalaji wawili mshono huo unapita kati yao na hauwasumbui; kwa mlalaji mmoja unapita chini ya uti wa mgongo, na mishipi miwili iliyokutana ni kama kulalia kamba. Tandika juu yake kigodoro chembamba cha sm 3 kama mgeni ni wa wiki nzima. Chini ya chaga usipigilie kile kitambaa cheusi cha kuficha: ndipo kunguni wanapojenga, na huwezi kupafikia.

Mikono na egemeo vifungwe kwa bolti, si kwa gundi. Mikono ikiwa na sm 15 kila mmoja, sofa ina urefu wa 218 na kina karibu 98, na mlango wa sm 80 hautaipitisha. Ukivua mikono na egemeo, kinachobaki kina kimo cha 28 na kina cha 78 pamoja na ubao wa mbele. Kinapita kimelazwa ubavu.

Sebule nayo ipimwe. Sofa iliyosukumwa ukutani inapofunguliwa inafika sm 143 kutoka ukutani. Weka na njia ya sm 60, unahitaji mita 2 na kidogo zisizo na meza nzito. Ndoano ya chandarua ndiyo huwa inasahauliwa, au inawekwa juu ya sofa iliyofungwa, na matokeo yake neti inamgusa mlalaji wa mbele na mbu wanamng'atia hapo. Egemeo na mlalo wake vimekula sm 20 kutoka ukutani, na katikati ya kitanda ni 60 zaidi. Toboa dari kwenye sm 80.