Mpira wa sitini na mmoja

Jumamosi iliyopita, hapa Houston, niliketi benchi nikiwa kocha msaidizi wa timu ya besiboli ya watoto wa miaka 12, na kwa mara ya kwanza uamuzi wa kumtoa mrushaji aliyeanza mchezo uliachwa mikononi mwangu. Kanuni za Little League, shirika la besiboli ya watoto, zinamruhusu mtoto wa umri huo kurusha mipira 85 kwa siku, naye alikuwa amefikisha 61 tu, tukiongoza kwa pointi moja. Kwa hesabu, alistahili kuendelea. Hata hivyo, kiwiko chake kilikuwa kimeanza kushuka, mipira iliyokuwa ikipita usawa wa magoti sasa ilipaa hadi kifuani mwa mpigaji, na kabla ya kila mrusho alijifuta kiganja kwenye suruali mara mbili tatu, jambo ambalo mwanzoni hakulifanya.

Nilimkumbuka Kevin Cash, kocha wa Tampa Bay, ambaye katika mchezo wa sita wa World Series ya mwaka 2020, fainali ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani, alimtoa mrushaji wake Blake Snell baada ya mipira 73, ingawa wapigaji walikuwa wamefanikiwa kuipiga mara mbili tu. Tampa Bay, waliokuwa wakiongoza 1-0, wakafungwa 3-1 na wapinzani wao, Dodgers. Sikutaka yanikute yaliyomkuta. Nikamwacha kijana.

Mpigaji aliyefuata alipata besi ya bure, bila kupiga, kwa sababu mirusho ilikosa shabaha, na wa pili akaupeleka mpira nje ya uzio, nasi tukapoteza uongozi. Nilipopanda kwenye tuta la mrushaji kuuchukua mpira, aliniambia kwa sauti ya chini, "Kocha, mkono ulishachoka tangu awamu iliyopita."